Ya Kusubu na ya Kufua

Yusufali ameziweka mbili juu ya kaunta,
juu ya gazeti la jana lenye doa la oili,
kana kwamba ananikaribisha kahawa.
Hii imesubiwa. Hii imefuliwa.
"Chagua, Mwanasiti. Mvua ikianza, Gerezani hapapitiki."

Ya kwanza naielewa kabla hajamaliza kueleza:
ni chai ya shangazi yangu wa Temeke,
iliyotiwa sukari mpaka maji yakakataa,
punje zikabaki zinang'aa chini ya kikombe.
Ndivyo alumini hii ilivyolishwa silikoni,
ikashiba, ikapitiliza kushiba,
na zile punje zilizokosa pa kuyeyukia
ndizo ugumu wake.
Haivimbi sana kwa joto. Inakaa kwenye silinda
kama mguu kwenye soksi.
Ukiwasha alfajiri, jirani hajui umeondoka.
Na bei, Yusufali anainong'ona, ni ya kindugu.

Ya pili haikumiminwa ikaachwa ipoe.
Ilibanwa ingali ya moto, ikakandamizwa
hadi chembe zake zikalala upande mmoja
kama mkeka uliosukwa na mtu mwenye hasira.
Kufua nilikujua kwenye karai,
na kwenye kifuo cha nazi nyuma ya nyumba.
Leo nimekushika kiganjani.
Ila kwa ukimya haifui dafu mbele ya mwenzake:
ikipata moto inatanuka, lazima iachiwe uwazi,
na asubuhi, kabla haijapashwa,
inagonga ukuta wa silinda
kama mpangaji aliyefungiwa nje.
Bei yake hainong'onwi. Imeandikwa kwa kalamu nyekundu.

Mdogo wangu Shomari anaitaka hiyo,
anaota tabo, anaota kuwaacha watu
barabara ya Bagamoyo saa nane za usiku.
Fundi Chaurembo anacheka bila kuinua kichwa:
"Gari la viti na maturubai ya harusi!
Litie ya kusubu, dada, ukalale."

Nami nilikuwa nimeshafungua pochi.

Ndipo, gereji kwake, nikaiona ya zamani, yangu mwenyewe.
Chaurembo ameigeuza jiwe la kukandamizia risiti.
Ukingo wa ringi umemeguka,
mmeguko safi, kama sahani ya kauri.
Haikupinda. Haikunung'unika miaka yote minne
mpaka Jumamosi ile nilipojaza petroli
kwenye kituo kisicho na jina, mbele ya Gongo la Mboto,
petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa au sijui nini.
Kilima cha Pugu, maturubai sita, viti mia mbili,
injini ikaanza kutafuna kokoto,
na mimi nikaongeza sauti ya redio.
Bi harusi wa Kisarawe aliolewa wageni wamesimama.

"Na hii ilikuwa ya kusubu?"
Chaurembo akatazama mlangoni.

Sinunui mbio. Nanunua kitu ambacho
siku nitakayodanganywa tena pale pampu
kitachubuka, kitakwaruzika, kitaumia,
lakini kitanipa muda wa kusikia,
nizime, nishuke, nitukane.
Shomari ananikumbatia. Anadhani nimekubali tabo.

Nimelipa nusu. Nusu nyingine ni baada ya harusi ya Chanika.
Bloku bado haijachongwa. "Pistoni kwanza," anasema mchongaji,
"chumba hupimwa kwa mwenye kulala."
Anaipima kwa mikromita mara tatu,
anaandika namba ukutani kwa chaki,
kisha anaongeza kiasi cha unywele.

Majirani zangu wa Kizuiani, mtanisamehe.
Saa kumi na moja alfajiri mtasikia ngo, ngo, ngo,
dakika tatu hivi, labda nne siku za baridi.
Msitoke na marungu. Ni mimi,
nimekaa kwenye usukani, chai mkononi,
naisubiri ivimbe ijae mahali pake.